Hodi ya Tatu

Tuseme palikuwa na nchi, na jina lake tuliache, maana ukilitaja kwa sauti wenye nchi watakuja kukuuliza umepewa na nani. Nchi hiyo ilikuwa na Mlango mmoja. Nyumba za watu zilikuwa na milango yake ya mabati, ya miti na ya magunia, kila mtu na uwezo wake. Lakini Mlango wenyewe, ule wa kupitia ukitaka maji, ukitaka barabara, ukitaka dawa, ukitaka mtoto wako ajulikane kuwa amezaliwa na mzee wako ajulikane kuwa amekufa, ulikuwa mmoja tu, uko Makao Makuu, mbali kiasi kwamba mtu alitoka kwao kijana akafika pale ana mvi. Ukifika, unapiga hodi. Ukiitikiwa karibu, unaingia. Usipoitikiwa, unapiga ya pili. Ukipiga ya tatu na kimya ni kilekile, unageuka unarudi ulikotoka, kama adabu inavyotaka hata ukienda kwa jirani kuomba chumvi. Mlango ule haukuhitaji bunduki. Watu wa nchi ile walilelewa vizuri, na wenye nchi walilijua hilo mapema kuliko wao.

Mwadime alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Mkewe, Wakio, alilelewa vizuri zaidi yake. Mimba yake ya pili ilipomgeuka tumboni, Mwadime alimbeba mgongoni hadi Makao Makuu, binti yao Mghoi, mdogo bado, akifuata nyuma ameshika pindo la kanga ya mama yake. Mbele ya Mlango Wakio alisema nishushe, mwenye shida ndiye anayepiga hodi. Akashushwa. Akapiga ya kwanza. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Akainua mkono kwa ya tatu, na mkono ukabaki hewani, na yeye akawa hayupo tena chini yake. Bawabu wa Mlango, mtu mrefu aitwaye Maghanga, aliutazama ule mkono kwa muda, kisha akamwambia Mwadime kwa upole wa mtu anayefanya kazi yake: "Pole mzee. Lakini bado moja. Hajapiga ya tatu."

Maneno hayo Mwadime aliyabeba kurudi nayo, na yalikuwa mazito kuliko maiti.

Sasa mtu aliyesoma angeniambia nieleze ni mwaka gani. Sijui. Katika nchi ile miaka haikupangwa kwenye mstari, waliopangwa kwenye mstari ni watu. Unaweza kusema ilikuwa jana. Mwadime mwenyewe, akiamka asubuhi na kunyoosha mkono upande wa pili wa kitanda, alisema ni leo.

Halafu likaja neno. Ugatuzi. Lilikuja na redio, watu wakikoroga uji, likatulia juu ya sufuria kama mvuke. Likaelezwa hivi: Mlango uko mbali na wananchi, basi Mlango utawafuata wananchi. Wakauchana kwa msumeno huko huko Makao Makuu. Kila upande wa nchi ukapata ubao wake, kila ubao ukatengenezwa mlango, na kila upande ukaitwa gatuzi. Watu walilia kwa furaha. Mwadime naye alilia, lakini alilia kwa lake. Alikuwa akijiambia: kumbe ulikuwa unakatika.

Mlango wa gatuzi lao ulikuja kwa lori, umefungwa utepe, wacheza ngoma wamekaa juu yake kama jamaa za bibi harusi. Wakausimamisha katikati ya uwanja wanapolisha mbuzi. Miimo miwili, kizingiti juu, kizingiti chini, bawaba zinang'aa. Fundi alipouliza nyumba yenyewe iko wapi, aliambiwa nyumba ni awamu nyingine, yeye asimamishe mlango. Akausimamisha. Mbele yake majani, nyuma yake majani, kushoto mbuzi, kulia mbuzi. Mkuu wa gatuzi, kijana wa hapahapa aliyewahi kukamatwa katika miwa ya Mwadime akiwa na umri wa kukamatwa katika miwa, alihutubia. Alisema serikali sasa ni yenu, iko mlangoni penu. Akafungua mlango, akaingia, akaufunga taratibu nyuma yake. Watu wakaupigia makofi mlango uliofungwa. Kisha likasikika gari likiwaka kwa mbali, na hakuna aliyegeuza shingo kuangalia linawakia wapi, kwa sababu kuchungulia nyuma ya mlango wa mtu ni tabia ya watu wasio na kwao.

Wakapanga mstari.

Mstari ule ulikuwa na ukweli wake. Uwanjani hapakuwa na kivuli ila kivuli cha mlango, kwa hiyo mstari ulikifuata. Asubuhi ulielekea huku, jioni ulielekea kule, mchana jua likisimama utosini watu walijibana kwenye kizingiti kama mchwa. Waliopita barabarani walidhani serikali inabadilisha mwelekeo. Msichana aliyeingia mstarini akiwa na pengo la meno ya utoto alionekana baadaye kidogo akinyonyesha. Mzee aliyekuwa mbele ya Mwadime alikuwa nyuma yake, kisha akawa hayupo, kisha mbele yake akasimama mwanawe mwenye koti lilelile na kikohozi kilekile. Mwadime alishindwa kujua kama yeye ndiye aliyekuja au ni mtu aliyeachiwa zamu na yeye.

Shida yake aliijua. Shida haikumchanganya. Mghoi, yule mdogo wa kushika pindo, sasa alikuwa mwanamke mzima mwenye mimba iliyokomaa, mumewe yuko mashambani kukata mkonge na hana ruhusa ya kutoka. Alikataa kubaki nyumbani peke yake, akaja kukaa juu ya jiwe kando ya mstari, miguu imevimba, akimtazama baba yake kama anayemtazama mtu aliyepanda mti. Na juu ya kilima, mahali pa kuonekana na kila mtu, ilikuwepo zahanati. Bati la buluu, kuta nyeupe, vitanda ndani, magodoro bado yamo kwenye nailoni. Na mlango wake una kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi.

Mbele ya Mwadime mstarini alisimama mwanamke mwenye gauni la kazi lililokuwa jeupe kabla jua halijalila. Alikuwa Sista Mjeni, muuguzi aliyeletwa kuja kuendesha zahanati hiyohiyo.

"Sista," Mwadime alimwambia, "kila siku nakuuliza na kila siku unanijibu, lakini leo nijibu kama mtu mpya. Muuguzi ni wewe. Zahanati ile pale. Unangoja nini kwenye mstari wa wagonjwa?"

"Baba Mghoi, mimi ni wa kufanya kazi ndani. Wa kufungua ni mwingine. Nilikwenda Makao Makuu wakaniambia zahanati zimegatuliwa, uliza gatuzi. Nikaja gatuzi nikaambiwa ni kweli, zahanati zimegatuliwa, ila kufuli bado halijagatuliwa."

Mstari ulicheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliokwisha kukisikia kichekesho hicho na hawana kingine.

"Na ufunguo?"

Sista Mjeni aliinua kidevu kuelekea mlangoni. Pale, kando ya mwimo wa kulia, alisimama Maghanga. Ndiye yuleyule, mrefu, kofia ileile, beji mpya. Shingoni alikuwa na kamba, na kwenye kamba ulining'inia ufunguo.

Siku Mwadime alipomwona pale mara ya kwanza alitoka mstarini. Alimwendea akamsimamia usoni. "Wewe! Hata wewe wamekuleta?"

"Tumegatuliwa sote, mzee," Maghanga alijibu, na alionekana kweli kufurahi kumwona mtu anayemfahamu.

"Nipe huo ufunguo."

"Ni wako, mzee, nani amekataa? Zamani ulikuwa wa Makao Makuu, sasa ni wako kabisa. Subiri tu uambiwe karibu."

"Nani atasema?"

"Wa ndani."

"Umewahi kumwona?"

Maghanga alishtuka kama aliyeulizwa rangi ya nguo ya ndani ya mama yake. "Mimi ni bawabu, mzee. Bawabu anatazama nje."

Mwadime hakusoma sana. Shule aliiacha pale mwalimu alipomwambia aende kuleta kuni. Lakini mtu akiwa mjane kwa muda mrefu anapata nafasi ya kufikiri, kwa sababu hana wa kumwambia *hebu acha hayo ule kwanza*. Na alilolifikiri kwenye mstari lilikuwa hili, alilitafuna vipande vipande, midomo ikicheza:

Wanasema wameugawa uwezo. Haya. Uwezo ni nini? Mbao? Mbao nimeziona. Lori? Limeondoka. Ni kiti? Sijaona kiti. Wakio alipiga hodi, kikaja kimya, kimya kikamuua. Basi uwezo ni kile kimya. Ndicho walichokichana kwa msumeno. Kila gatuzi limepewa kipande chake cha kimya, kimepakwa vanishi, kina bawaba. Hapo mbeleni nilifunga safari kwenda kunyamaziwa. Sasa nanyamaziwa nyumbani. Ndiyo maendeleo. Lakini ngoja. Ngoja, Mwadime. Kimya hakijinyamazi. Lazima awepo mtu wa kukinyamaza. Mtu ana kinywa. Mtu ana makalio, amekaa mahali. Nani amekaa hapo?

"Zamu yako, mzee," akasema Maghanga, kwa kuwa Sista Mjeni alikuwa amemwachia nafasi. Sista alikuwa amegeuka kumtazama Mghoi, na uso wake ulikuwa umebadilika. Mghoi alikuwa ameshika jiwe kwa mikono yote miwili, na chini ya jiwe ardhi ilikuwa imelowa.

"Chupa imepasuka," Sista alisema. "Baba Mghoi, piga hodi. Piga upesi."

Mwadime akapiga. "Hodi!" Mlango ukanyamaza. "Hodi hapa!" Mbuzi mmoja akapita kutoka mbele kwenda nyuma ya mlango bila kupiga hodi kwa mtu, akapotelea huko, akatokea upande wa pili akitafuna. Mwadime alimwona. Wote walimwona, kila siku walimwona, lakini leo Mwadime alimtazama yule mbuzi kama anavyotazamwa mtu aliyesema jambo kwenye kikao. Mghoi akatoa mlio mdogo, wa chini, aliojaribu kuumeza kwa sababu ya watu.

"Bado moja, mzee," Maghanga alimkumbusha, kwa upole.

Hapo ndipo Mwadime alipougeuzia mgongo mlango. Hakupiga ya tatu. Aliacha kivuli, akaingia juani, akaanza kuuzunguka.

Mstari ulivuta pumzi kwa pamoja. Mama mmoja alijifunika uso. Ilikuwa kama wanamwona mtu mzima akivua nguo hadharani.

"Mzee! Unakwenda wapi huko?"

"Nakwenda kumwona anayenyamaza."

Nyuma ya mlango palikuwa na majani. Palikuwa na jua lilelile, mbuzi walewale, kilima kilekile chenye bati la buluu. Palikuwa na kigoda, na kando ya kigoda kikombe cha chai iliyopoa ikafanya ngozi, nzi amekufa katikati. Hapakuwa na mtu. Mwadime alitafuta nyayo zikielekea barabarani, akaziona, zilikuwa zimeota majani. Alikuwa amesimama tangu sijui lini. Akakaa kwenye kigoda.

Na hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu jambo hili wanaoandika habari za serikali hawaliandiki. Kile kigoda kilikuwa kizuri. Upepo ulipita chini yake. Mgongo ulipata mwimo wa kuegemea. Kutoka upande ule, sauti za upande wa mbele zilifika zimelainika, kama zinapita kwenye pamba. Sista Mjeni alipiga hodi kwa hasira, na hasira yake ilipofika huku ilikuwa heshima. Mwadime alifungua kinywa aitikie, akahisi kitu kitamu kimekaa juu ya ulimi wake. Walikuwa wanamngoja. Yeye! Mtu aliyeambiwa alete kuni. Akafunga kinywa kidogo tu, asikie inavyokuwa. Sista akapiga ya pili. Ah. Akautazama mkono wake juu ya goti, akauona umenenepa, una pete asiyoijua, na kucha zimekatwa vizuri. Akajua kwa uhakika kabisa kwamba mkono ule aliwahi kuuona, au aliwahi kuwa nao, siku nyingine, nyuma ya Mlango mkubwa. Kwamba siku ile Wakio akipiga hodi alikuwepo mtu amekaa hivi, mgongo umetulia, si mkatili, si mlevi, ni mtu tu aliyeonja utamu akasema ngoja nisikie moja zaidi. Huenda naye alitoka mstarini. Huenda naye alizunguka kwa hasira akitafuta wa kumpiga, akakuta kigoda kitupu.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamke.

Haikuwa ya Sista. Ilikuwa nyembamba, imechoka, yenye adabu. Nishushe, mwenye shida ndiye anayepiga hodi. Mwadime akasimama nusu, kigoda kimemshikilia.

"Hodi," ikasema tena, na haikujulikana ni ya mama au ya binti, kwa maana uchungu una sauti moja. Akajua bila kuona kwamba upande wa pili wa ubao kuna mkono unainuliwa.

"KARIBU!" Mwadime alipiga kelele hadi mbuzi wakatawanyika. "Karibu, Wakio! Karibu, mwanangu! Karibuni nyote, ingieni, nani amewasimamisha juani?"

Kwa mbele kulikuwa na kimya, na mara hii kimya kilikuwa chao. Kisha kamba ikakatika. Maghanga alikuwa ameivuta shingoni kwa nguvu, na macho yamemtoka, akamtia Sista Mjeni ufunguo mkononi kama unaomchoma. "Amesema," alirudia. "Mmesikia? Amesema." Alikuwa analia, na hakuona haya.

Mlango ulisukumwa ukafunguka. Haukuwa umefungwa kwa chochote. Mghoi alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti, mkono hewani, akamwona baba yake upande wa pili, amesimama majanini.

"Baba, kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Samahani, nimechelewa kuitikia."

"Kilima siwezi kupanda."

"Hatapanda," Sista Mjeni akasema. "Tafuteni kitu cha kumlaza."

Watu waliangaliana, kisha wote wakatazama kitu kimoja. Wakaung'oa. Bawaba zililia kidogo zikaachia. Wakaulaza mlango majanini, wakautandikia kanga, wakamlaza Mghoi juu yake, na watu wa mstari, waliojuana visogo tu muda wote huo, wakajigawa pembe nne wakauinua. Ulikuwa wa mbao nzuri, lazima tuseme. Wenye nchi hawakudanganya kwenye mbao. Walipoupandisha kilimani, Mwadime ameshika pembe ya kichwa, aliona kwamba mlango ukilazwa unakuwa kitanda, na akashangaa ni nani aliyewaambia watu wote hawa kwamba sharti usimame.

Sista Mjeni aling'ang'ana na kufuli, akalitukana, likafunguka. Ndani kulinuka nailoni. Hakukuwa na muda wa kuvua magodoro nailoni. Mtoto alizaliwa juu ya mlango, wa kike, ana hasira, na hakungoja aambiwe karibu na yeyote. Mghoi alimwita Wakio. Sista alimkata kitovu akasema, "Huyu atatusumbua," na kila aliyekuwa dirishani akajibu, "Na atusumbue!"

Siku zikaendelea kutoendelea. Zahanati ilibaki wazi, mlango wa serikali ukabaki ndani yake umelala, wanawake wakiuzalia. Uwanjani ilibaki miimo miwili na kizingiti, na hewa katikati. Mtu akija na shida yake, husimama pale mbele, kwa sababu adabu haing'oki kwa bawaba, hupiga hodi, na yeyote anayechunga mbuzi au anayepita na ndoo upande wa pili huitikia karibu bila kusimama, na shida hujadiliwa hapo hapo majanini. Walimtaka Mwadime akae kwenye kigoda awe sauti yao. Alikichukua kigoda, wakapiga makofi, akaondoka nacho hadi nyumbani kwake akampa Mghoi anyonyeshee.

Asubuhi moja alikuwa upande wa nyuma, anakata majani ya mbuzi, aliposikia hodi. Akainua kichwa. Mbele ya miimo mitupu alisimama Maghanga. Amevua kofia, ameishika kifuani kwa mikono miwili, beji imeng'oka imeacha tundu. Angeweza kupita kushoto. Angeweza kupita kulia. Alikuwa anaonekana mwili mzima, na yeye alikuwa anamwona Mwadime mwili mzima, hatua chache tu, na hakuna ubao kati yao.

Mwadime aliendelea kukata majani.

"Hodi," Maghanga akasema tena. Sauti yake ilikuwa haijazoea neno hilo. Maisha yake yote alikuwa amelisikia tu.

Mwadime alisimamisha panga. Utamu ule ulikuja wenyewe juu ya ulimi, na safari hii ulikuwa na haki yake. Wacha apige ya tatu. Wacha apige, kisha asikie majani. Nani angemlaumu? Hata mbuzi walinyamaza. Maghanga alisubiri, akauinua mkono mtu mrefu yule, na mkono ukawa hewani.

Mwadime aliutazama.

"Karibu," alisema, kwa sauti mbaya. "Na ufute miguu."

Maghanga akainama kwenye majani yenye umande, kwenye uwanja usio na ukuta wala paa, akafuta mguu wa kwanza, akafuta na wa pili, kwa uangalifu. Kisha akaingia.